Semina imeisha, posho zimelipwa: tutajuaje kama viongozi wamebadilika?

Picha yenyewe mnaijua. Bango limetundikwa ukutani, mgeni rasmi kaketi katikati, walimu wakuu au watendaji wa kata wamejipanga nyuma yake, na maelezo ya chini yanasema viongozi kadhaa "wajengewa uwezo". Kwenye maoni watu hugawanyika hapo hapo. Wapo wanaopongeza, na wapo wanaouliza semina hizi zimemsaidia nani zaidi ya mwenye ukumbi. Mabishano haya si ya jana. Tangu serikali ilipowakusanya mawaziri na viongozi waandamizi kwenye semina elekezi ya Ngurdoto, Arusha, mwaka 2006, Watanzania wameliuliza swali hilo mara nyingi, na kila mara hujibiwa kwa hotuba.

Anayesifia hana ushahidi na anayeponda naye hana. Sababu ni moja: hakuna aliyepanga kuutafuta ushahidi huo kabla mafunzo hayajaanza. Mafunzo yakishakwisha, sehemu kubwa yake haitafutiki tena.

Tuyaweke sawa maneno kwanza, maana yanachanganywa hata maofisini. Ufuatiliaji ni kuangalia kama kazi inakwenda ilivyopangwa: washiriki wamefika, mada zimefundishwa, fedha zimetumika zilivyopangiwa. Tathmini ni swali zito zaidi: je, kuna kilichobadilika, na kimebadilika kwa sababu ya mafunzo au kwa sababu nyingine? Hali ya awali ni picha ya mambo yalivyokuwa kabla hatujagusa kitu. Kiashiria ni kile utakachokiona au kukihesabu ili useme mabadiliko yapo au hayapo. Mpango wa tathmini, basi, ni waraka mfupi unaoandikwa mapema na kusema tutauliza nini, tutamuuliza nani, lini, tutalinganisha na nini, na majibu yatamsaidia nani kuamua jambo gani. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachoachwa mara nyingi, na ndicho nitakachokirudia zaidi.

Nitawatumia walimu wakuu wa shule za msingi kama mfano. Tanzania ina shule za msingi za serikali zaidi ya 17,000, kila moja na mwalimu mkuu wake, na wengi wao walitolewa darasani wakapewa ofisi bila kusomea uongozi kwanza. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, pale Bagamoyo upo kwa ajili hiyo, na miradi ya wafadhili nayo huandaa mafunzo yake. Tuchukulie halmashauri moja inataka kuwafundisha walimu wakuu 80 namna ya kusimamia ufundishaji. Itajuaje kama imefanikiwa?

Fomu ya siku ya mwisho

Jibu la haraka ni ile fomu ya kurasa mbili inayogawiwa saa kumi jioni siku ya kufunga. Mwezeshaji alikuwaje? Ukumbi? Chakula? Mada zilikufaa? Weka alama kuanzia 1 hadi 5. Baadaye ripoti inaandika kwamba asilimia tisini na kitu ya washiriki waliridhika, na kila mtu anaondoka na moyo mweupe.

Tuseme ukweli, fomu hii hujazwa wakati orodha ya posho inazunguka meza ya jirani. Nani atampa mwenyeji wake alama 2 katika hali hiyo? Na hata posho ingekuwa haipo, kuridhika na kubadilika ni vitu viwili. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za mafunzo mwaka 1997, wakiongozwa na George Alliger, waliona kwamba kufurahia mafunzo kuna uhusiano hafifu sana na anachokwenda kukifanya mtu akirudi kazini. Mwezeshaji mcheshi hupata alama za juu. Aliyewabana washiriki hadi wakatoka jasho anaweza kupata za chini, na huenda yeye ndiye aliyewafundisha.

Fomu isitupwe. Inakwambia kama kipaza sauti kilikuwa kibovu na kama siku ya tatu ilikuwa ndefu mno. Ila isiitwe tathmini ya mafunzo, maana kinachopimwa pale ni mapokezi.

Ngazi nne, na kwa nini uanzie juu

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliandika mfululizo wa makala uliogawa tathmini ya mafunzo katika hatua nne: walivyoyapokea, walichojifunza, wanachokifanya tofauti kazini, na matokeo kwa taasisi. Mgawanyo huo umekosolewa sana tangu hapo, hasa kwa sababu unafanya hatua zionekane kama zinafuatana zenyewe kama ngazi za nyumba. Hazifuatani. Mtu anaweza kujifunza vizuri na asibadilishe chochote kwa sababu mkubwa wake hataki. Pamoja na hayo bado ni msaada mzuri wa kupangia mawazo.

Kosa la wengi ni kupanda kuanzia chini: fomu ya mapokezi, kisha jaribio la maswali kumi, halafu fedha zinaisha. Anayepanga vizuri huanzia juu. Tunataka nini kiwe tofauti shuleni? Tuseme tunataka wanafunzi wafundishwe vipindi vyote walivyopangiwa. Ili hilo litokee, walimu wafanye nini? Wawe darasani, si shuleni tu. Ili wawe darasani, mwalimu mkuu afanye nini tofauti na anavyofanya sasa? Azungukie madarasa, akae ndani ya kipindi, azungumze na mwalimu baadaye, afuatilie. Na ili ayafanye hayo, ajue nini? Hapo ndipo unaandika mada za mafunzo. Ukiona mada iliyopangwa haiungani na mnyororo huo, umeokoa nusu siku ya ukumbi.

Nimechagua "darasani, si shuleni tu" kwa makusudi. Utafiti wa Benki ya Dunia wa viashiria vya utoaji huduma uliofanyika nchini mwaka 2014 ulikuta walimu wengi wamefika shuleni, lakini karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani walipotafutwa bila taarifa. Pengo kati ya geti na ubao ni eneo la mwalimu mkuu. Mafunzo ya uongozi yasiyoligusa pengo hilo yatakuwa na maneno mazuri tu.

"Uongozi haupimiki"

Hii ni imani ya kwanza inayotakiwa kuvunjwa. Kweli, huwezi kupima "maono" wala "moyo wa kujituma". Lakini uongozi hufanyika mchana kweupe, na huacha alama.

Ingia shule yoyote, omba kitabu cha mahudhurio ya walimu. Ukikuta saini kumi na mbili zote zimeandikwa saa 1:15 asubuhi, kwa kalamu moja ya bluu, Jumatatu hadi Ijumaa, umeshajua jambo kuhusu usimamizi kabla hujamuuliza mtu. Angalia jarida la somo la darasa la nne, lile daftari la kuandikia vipindi vilivyofundishwa: vipindi vya jana vimejazwa? Angalia muhtasari wa kikao cha walimu cha mwezi uliopita: kuna azimio lenye jina la mtu na tarehe, au kuna "walimu walihimizwa kuongeza bidii"? Tazama ubao wa matangazo: mapato na matumizi ya ruzuku ni ya mwezi gani? Karatasi iliyopauka kwa jua ya mwaka juzi nayo ni takwimu.

Maswali yawe ya namna hiyo hiyo. Ukimuuliza mwalimu, "Je, mwalimu mkuu wako hukupa mrejesho?" atajibu ndiyo. Muulize hivi: "Mara ya mwisho mwalimu mkuu kukaa darasani kwako ukifundisha ilikuwa lini? Mlipotoka alikwambia nini?" Ama atakupa tarehe na maneno, ama atakuna kichwa. Vyote viwili ni majibu. Na majina ya walimu wa kuhojiwa uyapate kwa kura ya bahati nasibu kutoka kwenye orodha, usimwachie mwalimu mkuu akuchagulie, kwa sababu atakuletea wale wake.

Viashiria vitano au sita vya aina hii vinatosha. Nimewahi kuona mipango yenye viashiria arobaini. Hukusanywa mara moja, kwa tabu, kisha hakuna anayevisoma.

Kwa nini alama zinaweza kushuka mafunzo yakiwa mazuri

Tukiwauliza walimu wakuu wenyewe wajipime kabla na baada, tunaingia kwenye mtego. Kabla ya mafunzo, mwalimu mkuu anayedhani kutazama kipindi ni kupita dirishani na kutikisa kichwa atajipa alama 4 kati ya 5. Akishafundishwa kwamba kutazama kipindi ni kukaa dakika arobaini, kuandika, na kuzungumza na mwalimu faragha, anagundua kumbe alikuwa hafanyi. Akiulizwa tena, kwa ukweli kabisa, anajipa 3. Kwenye ripoti inasomeka kwamba mafunzo yamemshusha.

George Howard na wenzake waliliandika tatizo hili huko Marekani mwaka 1979: kipimo kilichobadilika ni rula iliyo kichwani mwa mtu. Dawa yao ni rahisi. Mwishoni muulize maswali mawili kwa pamoja: sasa ukoje, na kwa unavyoelewa leo, kabla ya mafunzo ulikuwaje? Majibu yote mawili yanapimwa kwa rula moja. Njia hii nayo ina udhaifu, maana mtu anaweza kujishusha kwa makusudi ili aonekane amepanda. Kwa hiyo isisimame peke yake. Isimame pamoja na jarida la somo na walimu waliopatikana kwa kura.

Mbolea au mvua?

Sehemu hii ndiyo inayochanganya wengi, hata wasomi.

Mkulima aliyetia mbolea shamba lake lote mwaka wa mvua nzuri akavuna magunia ishirini badala ya kumi na mawili hawezi kukwambia mbolea ilimwongezea magunia mangapi. Angebakiza matuta machache bila mbolea, shamba lile lile, mvua ile ile, angejua. Matuta yale yasiyotiwa mbolea ndiyo tunayoyaita kundi linganishi.

Kwenye shule zetu mvua ni nyingi. Serikali inaleta walimu wapya, madarasa yanajengwa, mtaala unabadilika, Afisa Elimu Kata mpya mwenye pikipiki anaingia. Ufaulu wa darasa la saba ukipanda, kila mwenye mradi anainua mkono. Kuna na jambo jingine lisiloonekana kirahisi. Halmashauri ikichagua kuwafundisha walimu wakuu wa shule zilizoshika mkia mwaka huu, karibu kwa hakika nyingi kati ya hizo zitapanda mwakani hata bila semina. Shule inashika mkia kwa udhaifu wake wa kweli na pia kwa bahati mbaya ya mwaka huo: mwalimu wa hisabati aliugua, mtihani ulikwenda kombo. Bahati mbaya hairudi kila mwaka. Ukiwafundisha waliopata bahati mbaya, kisha ukaipima bahati inaporejea kawaida, utajisifia bure.

Watu wakisikia kundi linganishi hudhani ni kuwanyima wengine haki. Sivyo. Halmashauri yenye walimu wakuu 80 mara nyingi ina fedha za 40 mwaka huu. Badala ya afisa kuchagua anaowajua, ipigwe kura ya bahati nasibu hadharani: hawa awamu ya kwanza, hawa awamu ya pili. Hakuna aliyenyimwa, upendeleo umeondoka, na kwa mwaka mzima una makundi mawili yanayofanana katika mvua moja. Halmashauri isiyoweza kupiga kura ipime angalau shule za kata jirani ambazo hazikuguswa, na ikiri kwenye ripoti kwamba ulinganisho huo ni hafifu.

Lile dai la asilimia 10

Kwenye mijadala hii hutajwa kwamba ni asilimia 10 tu ya mafunzo ndiyo hutumika kazini. Chanzo chake ni makala ya mwaka 1982 ya Georgenson, Mmarekani, aliyeiweka namba hiyo kama kadirio lililomo ndani ya swali la kuchokoza fikra, bila takwimu yoyote nyuma yake. Mwaka 2001 Robert Fitzpatrick aliifuatilia akaonyesha hivyo, lakini namba ilikuwa imeshatembea dunia nzima. Uchambuzi mkubwa wa Christina Lacerenza na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 ukijumlisha sampuli 335 za mafunzo ya uongozi, una habari njema zaidi: kwa wastani mafunzo haya hufanya kazi, na hufanya kazi vizuri zaidi yakianza na kuchunguza mahitaji, yakiwa na mazoezi na mrejesho, na yakigawanywa katika vipindi vilivyoachana badala ya kumiminwa wiki moja. Ila wastani hauisemei semina yako.

Nani, lini, na akihamishwa je?

Hali ya awali ipimwe kabla barua za mwaliko hazijatoka, maana barua yenyewe hubadilisha watu. Ziara ya kwanza baada ya mafunzo ifanyike miezi mitatu baadaye, ya pili kabla mwaka haujaisha. Usipange ziara wiki za mtihani wa darasa la saba, Septemba au Oktoba, kwani shule haiko katika hali yake.

Uhamisho uandikwe ndani ya mpango. Mwalimu mkuu akihamishwa mwezi wa tano, utamfuata yeye au utabaki na shule? Vyote viwili vinatetewa, ila uamuzi ufanywe mwanzoni, usisubiri ujue wapi namba ni nzuri. Huko Houston, Texas, Roland Fryer alifuatilia shule 58 ambazo baadhi ya wakuu wake, waliopatikana kwa kura, walipewa mafunzo ya saa 300 kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza alama za wanafunzi zilipanda. Mwaka wa pili athari haikuonekana tena, na mwenyewe anahusisha hilo na wakuu kuhama. Kwa mtu anayejua kasi ya uhamisho kwetu, hilo ni onyo la bajeti.

Walimu wanaomzungumzia bosi wao wahakikishiwe usiri, na uwe wa kweli: fomu bila majina, na shule yenye walimu wanne isitolewe takwimu zake peke yake, kwa sababu kila mtu atajua nani kasema nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa na mradi mdogo. Tathmini ikinusa harufu ya ukaguzi, au matokeo ya mwalimu mkuu mmoja mmoja yakipelekwa kwa mwajiri ili ashughulikiwe, mwakani utapata vitabu vya mahudhurio visafi kuliko vyote nchini.

Karatasi zilizojaa vizuri

Katika jimbo la Madhya Pradesh, India, palikuwa na mpango wa kuboresha usimamizi wa shule. Shule zilijitathmini, zikaandika mipango ya maendeleo, zikawasilisha. Karibu kila shule ilitimiza. Watafiti Karthik Muralidharan na Abhijeet Singh walipoulinganisha na shule zisizo kwenye mpango, hawakuona mabadiliko katika usimamizi wenyewe wala katika kujifunza kwa watoto. Hata hivyo mpango ulihesabiwa kuwa umefanikiwa, ukapanuliwa hadi kufikia shule zipatazo 600,000 nchini humo. Uamuzi uliangalia karatasi, na karatasi zilikuwa zimejaa.

Ndiyo maana nasema ukurasa wa mwisho wa mpango wa tathmini ndio wenye uzito. Uandikwe kabla ya semina na utiwe saini na mwenye fedha. Kwa halmashauri yetu ya mfano unaweza kusomeka hivi: baada ya miezi mitatu, angalau nusu ya walimu waliopatikana kwa kura waseme wametazamwa wakifundisha na kuzungumza na mwalimu mkuu, na tofauti na shule za awamu ya pili iwe dhahiri. Tukifika hapo, awamu ya pili iendelee kama ilivyo. Walimu wakuu wakifaulu jaribio la mada lakini walimu hawajatazamwa, kuna kinachowazuia shuleni. Mkufunzi apelekwe huko, na Afisa Elimu Kata aingizwe kwenye mafunzo. Wasipojua hata mada, mtaala uandikwe upya. Pasipo tofauti yoyote kati ya makundi baada ya mwaka, fedha za awamu ya pili zihamishiwe kwingine.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayogombaniwa kwenye kikao. Kiwango cha fedha kinachotajwa sana kwa tathmini ni kati ya asilimia 5 na 10 ya bajeti ya mradi, na utasikia kwamba ni kikubwa mno. Kikikosekana kabisa, chukua shule kumi kwa kura, tano za kila awamu, watu wawili, pikipiki moja, jarida la somo na lile swali la "mara ya mwisho ilikuwa lini". Shule kumi hazitoshi kuthibitisha kwamba mafunzo yamefanya kazi. Zinatosha kugundua kama hakuna mwalimu mkuu hata mmoja aliyeingia darasani tangu arudi kutoka mafunzoni.